Kwale Mbili Mezani kwa Mhariri

Tangazo la hoteli ya Diani hudumu sekunde 30. Runinga yetu hupitisha fremu 25 kila sekunde, kwa hiyo tangazo zima ni fremu 750, na hakuna hata moja iliyoingia bila mtu kuiruhusu. Mchanga mweupe. Mnazi ulioinamia maji. Mbega akivuka barabara juu ya ngazi ya kamba. Dafu linakatwa, mtoto anacheka, jina la hoteli linatokea. Ukiuacha ufuo huo ukapanda bara, ukapita Kwale mjini, ukapita Kinango, ukaendelea na vumbi mpaka ukatokea Mackinnon Road kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, bado hujatoka kaunti ya Kwale. Huko nako kamera hufika, ila hufika mvua zikikosa. Filamu ya kuombea msaada hudumu dakika tatu, nne. Lambo limekauka. Ng'ombe amekufa kando yake. Mama wa Kiduruma amebeba mtungi wa manjano, mtoto anaitazama kamera bila kucheka, jina la shirika linatokea.

Kwa mtazamaji aliye mbali, hizo ni Kwale mbili zisizojuana. Moja haijapata kukauka na nyingine haijapata kunyeshewa. Anayeishi Mackinnon Road anajua kwamba vichaka vilivyoonekana vimekufa hutoa majani siku chache tu baada ya mvua, kwamba malambo hujaa vyura, kwamba kayamba hupigwa na watu hucheza mpaka alfajiri. Anayeishi Ukunda anajua kwamba nyuma ya ukuta wa hoteli kuna wanaonunua maji kwa mtungi. Wapigapicha nao wanayajua, kwa sababu kamera huokota kila kitu inachoelekezewa, na vingine isivyoelekezewa. Aliyekwenda Kinango alirudi na saa nyingi za picha, na ndani ya saa hizo wamo watoto waliocheka. Aliyeamua kicheko chao kisitoke ni mtu mwingine, aliyeketi katika chumba chenye mapazia mazito, pengine Nairobi, pengine nje ya nchi. Huyo ndiye mhariri, na mara nyingine ni yuleyule aliyehariri tangazo la Diani wiki iliyotangulia.

Sisemi alidanganya. Mbega yupo, na ng'ombe alikufa kweli. Mhariri hana haja ya kutunga uongo hata mara moja katika maisha yake yote ya kazi, kwa kuwa ana uwezo mkubwa zaidi: kuamua kipi kitafuata kipi, na kipi hakitaonekana kabisa. Warusi walilijaribu jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lev Kuleshov aliuweka uso uleule wa mwigizaji kando ya bakuli la chakula, kisha kando ya jeneza, na watazamaji wakaapa kwamba uso umebadilika. Uso wa mtoto wa Kinango ukitanguliwa na lambo kavu ni njaa. Ukitanguliwa na kaka yake akianguka kutoka mgongoni mwa punda, ni mshangao wa mtoto yeyote duniani.

Kazi ya mhariri wa filamu za biashara huanza wengine wakishaondoka. Diski huletwa jioni, wapigapicha wamekwenda kuoga na kula, naye anaanza kutazama. Hutazama kila kitu, hata pale kamera ilipoachwa ikipiga ardhi kwa kusahauliwa. Huzipa shoti majina, huzipanga, husikiliza sauti peke yake bila picha, kisha picha bila sauti. Baada ya hapo huunganisha mkato wa kwanza, ambao huwa mrefu na mbaya, na yeye ndiye wa kwanza kuujua ubaya wake. Mwongozaji huja akatoa maoni. Watu wa ejensi ya matangazo huja na ya kwao. Mwisho huja mteja, aliyelipa, akitaka jina la bidhaa likae sekunde mbili zaidi, na sekunde hizo lazima zitoke mahali. Likishakubaliwa tangazo la sekunde 60, hudaiwa la 30, la 15, na siku hizi la sekunde 6 kwa ajili ya simu. Kila toleo fupi ni uamuzi mpya juu ya nini kife.

Njia ya kuifikia kazi hii ni ndefu. Wahariri wengi wa Kenya waliozeeka walianzia zama za ukanda wenyewe, uliokatwa na kuungwa kwa tepu kwenye meza, wengine katika chuo cha mawasiliano ya umma cha KIMC, Nairobi, kilichoanza mwaka 1961. Futi 400 za ukanda wa milimita 16 zilikuwa dakika 11 tu, na kila futi iligharimu pesa, kwa hiyo mtu alifikiri kabla ya kukata. Kijana wa leo huanza kama msaidizi: hunakili faili, huoanisha sauti na picha, huandika lebo, hukesha akisubiri kompyuta imalize. Miaka hupita kabla ya kuachiwa kukata tangazo peke yake. Wachache hujenga nyumba zao wenyewe za uhariri, kama Franki Ashiruka, mhariri aliyeanzisha Africa Post Office jijini Nairobi na kuonyesha kwamba picha iliyopigwa hapa haina sababu ya kusafirishwa ili ikamalizwe.

Na ni watu wa tabia gani? Wana kumbukumbu za kutisha. Mwambie akupe ile shoti ambayo msichana alipepesa jicho kabla ya kugeuka, atakupa bila kutafuta, hata kama aliiona mara moja usiku wa juzi. Ni wakimya, kwa sababu siku nzima husikiliza sauti za watu ambao hawatawajua kamwe, na jioni masikio yao yamechoka. Huketi katikati ya mwongozaji anayeipenda shoti na mteja asiyeitaka, na hujifunza kutokuonyesha usoni yuko upande wa nani. Zaidi ya yote, wana ujasiri wa kuondoa. Mpigapicha alisimama majini asubuhi nzima, maji ya kifuani, akisubiri jahazi la Wasini lipite mbele ya jua. Shoti ni nzuri kweli. Mhariri anaitazama, anaona kwamba inalichelewesha tangazo, anaitoa, na mpigapicha akija anamwambia mwenyewe bila kumzunguka. Mimi huuheshimu ujasiri huu kuliko ule wa mwigizaji, maana wa mwigizaji hupigiwa makofi.

Walter Murch, Mmarekani aliyehariri *The English Patient* akapata Oscar mbili kwa filamu hiyo hiyo, ya picha na ya sauti, ameandika kwamba heri mhariri asijue yaliyotokea nje ya ukingo wa picha. Asiende mahali pa kupigia. Asijue nani alikuwa na homa, nani aligombana na nani, shoti ipi ilikula fedha nyingi. Mtazamaji hatayajua hayo, na mhariri ni mtazamaji wa kwanza. Murch huyu hufanya kazi akiwa amesimama, na anasimulia kwamba walipokuwa wakihariri *Apocalypse Now* walipiga hesabu wakakuta wastani wa kila mhariri haukufika mikato miwili kwa siku. Miezi juu ya miezi, mikato miwili haifiki. Muda mwingine wote ulikwenda katika kujaribu, kukataa na kurudi nyuma.

Nimelifikiria sana shauri lake nikiwa Mackinnon Road, na nadhani lina nusu ya ukweli. Kutojua jinsi maji yalivyokuwa baridi kunamsaidia mhariri. Kutojua mama anasema nini hakumsaidii mtu.

Fikiria mahojiano ya nyika. Bibi mzee ameulizwa habari za maji. Kwanza anasalimu, na salamu ina zamu zake. Anauliza wageni wametoka wapi, wamelala wapi, wamekula nini. Anataja mvua ya mwaka ule, anamtaja marehemu mumewe, ndipo anafika kwenye maji. Mhariri asiyeijua lugha amepewa karatasi ya tafsiri yenye dakika na sekunde. Anaona maji yametajwa dakika ya sita, anakata zote tano zilizotangulia. Bibi anatokea kwenye skrini akianza na shida bila hata salamu, kama mtu asiye na adabu, au mtu aliyevunjika kabisa. Mwenyewe hakuwa hivyo, na kijijini kwake kila mtu anajua.

Kuna na msonyo. Mama anasonya katikati ya maneno, na msonyo huo ndio uliobeba hukumu yake yote juu ya wanaoahidi mabomba wakati wa kampeni. Kwenye karatasi ya tafsiri haumo. Kwenye spika za mhariri ni kelele ndogo ya mdomo, na ana programu ya kuifuta kelele. Anaifuta, na mama anabaki analalamika tu pale alipokuwa anashtaki. Kicheko nacho hivyo hivyo: wapo wanaocheka kwa uchungu, na asiyewajua ama atakiweka kama furaha ama atakiona hakifai. Hata hodi ina kisa chake. Mgeni anabisha mara ya kwanza, ya pili, ndipo karibu inasikika. Mhariri mwenye haraka anaruka kutoka njiani hadi ndani ya nyumba. Mtazamaji wa London hatahisi lolote. Mtazamaji wa Samburu ya huku Kwale au wa Mariakani ataona kamera imevamia nyumba ya mtu.

Kukosea huku kuna mizizi. Mwaka 1935 ulianzishwa mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Kwa miaka miwili walitengeneza filamu 35 za kilimo, afya na mambo ya fedha, wakazizungusha Afrika Mashariki na ya Kati. Baadaye London ikaunda Colonial Film Unit, 1939, ikaongozwa na William Sellers aliyekuwa ameonyesha filamu za afya Nigeria. Sellers alikuwa na nadharia, na aliichapisha mwaka 1941: Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata mikato ya haraka. Shoti ziwe ndefu, kamera isitembee, usiruke mahali wala wakati, usitumie ujanja wowote. Filamu nyingi zilizoletwa vijijini mwetu zilihaririwa kwa kipimo hicho, pole pole, kila kitendo kikionyeshwa tangu mwanzo hadi mwisho wake. Wakati huohuo watu wa Zanzibar walikuwa na Royal Theatre tangu mwaka 1921. Walikuwa wakitazama filamu za Marekani na za India zilizokatwa kwa kasi ya waliozitengeneza, wakizifuata, wakizijadili vibarazani. Nadharia ya Sellers haikuwahi kuwauliza hao. Kwa maoni yangu, huo ndio uhariri uliotudhulumu kuliko wote, kwa sababu uliamua kwanza sisi ni watu gani, kisha ukachagua shoti.

Hata simba wetu hawakusalimika. Mwaka 1898 simba wawili waliwasumbua wajenzi wa reli pale Tsavo, mbele ya Voi, reli ileile inayopita Mackinnon Road. Mwaka 1952 Marekani ikatoa *Bwana Devil*, filamu ya Arch Oboler iliyowavalisha watazamaji miwani na kuanzisha wimbi la sinema za pande tatu, nayo ilipigwa California. Mwaka 1996 ikaja *The Ghost and the Darkness*, iliyopigwa Afrika Kusini. Simba wa kweli wa Tsavo hawakuwa na manyoya shingoni, na miili yao iko katika makumbusho ya Field, Chicago, yeyote anaweza kwenda kuiona. Wa kwenye filamu wana manyoya tele. Oscar ya uhariri wa sauti mwaka 1997 ilikwenda kwa Bruce Stambler kwa ajili ya filamu hiyo, na ukiisikiliza unaona alistahili: nyasi zinanong'ona, pumzi ya simba iko karibu kuliko mnyama mwenyewe. Ni kazi kubwa ya mtu mwenye masikio. Nami ningetamani sauti ya usiku wa nyika yetu imfikie siku moja mhariri mwenye masikio kama hayo aliyewahi kulala huku.

Wahariri wa kwetu wenye masikio wapo. Kazi zao zimeanza kuonekana, na ni vema zitajwe kwa majina. *Nairobi Half Life* ya 2012 ilihaririwa na Mkaiti Mwende. *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, ilihaririwa na Charity Kuria, na anayetaka kujua mhariri anaweza kufanya nini na ukimya aitazame: mtoto anayeugua, kijiji kizima kinachoamua kumtengenezea sinema, na machozi ambayo hayakuharakishwa. *Softie* ya Sam Soko, iliyomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi katika kampeni ya ubunge ya 2017 na ndani ya nyumba yake, ilipata tuzo maalumu ya uhariri katika tamasha la Sundance mwaka 2020. Soko alikuwa mmoja wa wahariri watatu, pamoja na Mila Aung-Thwin na Ryan Mullins wa Canada. Mpangilio huo ndio ninaoupenda: wawili wasio wa Nairobi, waliohakikisha mtazamaji wa mbali hapotei, na mmoja anayejua sauti ya kila mtaa. Shauri la Murch na dai langu viliketi meza moja.

Karibu zaidi na kwetu ni *The Letter*, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka 2019 na baadaye ikachaguliwa kuiwakilisha Kenya katika Oscar. Ni habari ya bibi wa Kimijikenda huko Kilifi anayetuhumiwa uchawi, na mjukuu anayerudi nyumbani kutoka Mombasa. Mada hii imewahi kuhaririwa mara nyingi kama kioja cha kutisha, ngoma nzito na giza. King alikaa kwenye uhariri pamoja na Ricardo Acosta, na wakaiacha familia izungumze: ugomvi wa shamba unaojificha nyuma ya tuhuma, bibi akilima, akiomba, akipika. Asiye Mmijikenda anaelewa kila kitu, na Mmijikenda haoni haya.

Nikizipima filamu hizo narudi kwenye Mackinnon Road yenyewe, na swali la mhariri gani angeiweza. Jina limetokana na Sir William Mackinnon wa kampuni ya Kiingereza iliyofungua njia ya mikokoteni kuelekea Uganda katika miaka ya 1890. Kando ya barabara upo msikiti wa Sayyid Baghali Shah, aliyekuwa mfanyakazi wa reli kutoka Bara Hindi, ambaye husemwa karai lake lilielea juu ya kichwa bila kukigusa. Madereva wa malori husimama kuomba dua, na wasio Waislamu husimama pia. Mwaka 1947 jeshi la Uingereza lilianza kujenga ghala kubwa hapa, likaliacha baada ya miaka michache. Mwaka 1954, baada ya msako wa Operesheni Anvil jijini Nairobi, mahali hapohapo pakawa kambi ya kuwafungia maelfu ya Wakenya walioshukiwa kuwa Mau Mau. Leo treni ya reli mpya, iliyozinduliwa 2017, inapita bila kusimama, na abiria huiona Mackinnon Road kwa sekunde chache, pungufu ya zile za tangazo.

Mhariri wa harakaharaka angechukua ukame na kuacha mengine. Mwingine angechukua msikiti peke yake, upate kupendeza watalii. Ninayemtaka mimi angeweza kumweka mzee wa Kiduruma akisimulia kambi kando ya dereva anayeomba dua, na katikati akaacha lori lipite hadi mwisho, kelele yake yote, kwa sababu hapa mazungumzo husubiri lori lipite ndipo yaendelee. Mtu huyo ameshazaliwa. Yuko Kinango au Samburu na simu mkononi, anakata video za harusi za jamaa zake na kuziwekea muziki, na anajifunza bila mwalimu mahali pa kukata na mahali pa kuacha.

Basi kwenu mnaokuja nyika na kamera, mashirika, hoteli, serikali ya kaunti: katika bajeti yenu wekeni kiti kimoja cha uhariri kwa mtu anayekijua Kiduruma au Kidigo, alipwe kama mhariri na asiitwe mkalimani, aweze kusema hapa msikate. Na wewe msomaji, filamu ikiisha usiinuke haraka. Jina lake liko katika maandishi yale yanayopanda mwishoni. Lisome, na kama halimo, uliza nani alihariri.